Kuifuata Barabara Namba 66 katika Vitongoji vya Los Angeles

Barabara Kuu ya Marekani Namba 66, iliyoanzishwa rasmi tarehe 11 Novemba 1926 kutoka Chicago hadi Los Angeles, inajulikana zaidi kwa jangwa lake: vituo vya mafuta vilivyoachwa, vumbi, na lami iliyonyooka hadi upeo wa macho. Kipande nilichotaka kukijua si hicho. Nilitaka kuiona mahali ilipoteremka kutoka milimani na kugeuka barabara ya mtaani, ikipita mbele ya shule, benki na vibaraza vya watu, katika mlolongo wa miji midogo ambayo leo imeungana kiasi kwamba mgeni hawezi kujua mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Nimeifuata kwa baiskeli kutoka San Bernardino kuelekea magharibi hadi Santa Monica, na yafuatayo ndiyo niliyoandika kila jioni.

Jumatatu: San Bernardino hadi Fontana

Msafiri wa zamani aliyetoka Chicago aliingia San Bernardino baada ya kushuka Cajon Pass, mwanya uliopo kati ya safu ya milima ya San Gabriel na ile ya San Bernardino. Hapo ndipo jangwa la Mojave lilipoishia na bustani za michungwa zikaanza. Kabla ya namba kuwepo, njia hiyo ilikuwa sehemu ya National Old Trails Road, iliyopigiwa debe na chama cha wapenda barabara, na vibao vyake huku California viliwekwa na klabu ya wenye magari ya kusini mwa jimbo. Serikali ilipoamua katika miaka ya 1920 kuachana na majina na kutumia namba, Cyrus Avery, mpigania barabara wa Tulsa, Oklahoma, aliitaka namba 60 kwa ajili ya njia hii. Kentucky ikapinga kwa kuwa nayo iliitaka namba hiyo, na tarehe 30 Aprili 1926, katika kikao cha Springfield, Missouri, Avery na wenzake wakakubali 66. Barabara yote ilikuja kuwekewa lami mwaka 1938.

Nimeanzia Mount Vernon Avenue, nikakata kuelekea magharibi kwenye barabara ambayo baada ya muda mfupi inaitwa Foothill Boulevard. Mitaa kadhaa kutoka hapo, kwenye kona ya mtaa wa 14 na E, ndipo ndugu Richard na Maurice McDonald walipofungua mgahawa wao mwaka 1940, na mwaka 1948 wakaupanga upya ili chakula kitoke haraka na kwa bei ndogo. Jengo la awali halipo tena. Biashara ya namna hiyo isingeweza kuzaliwa mahali ambapo watu hawasafiri kwa gari, na mji huu ulipokea magari ya jangwani na ya mjini kwa pamoja.

Mpakani mwa Rialto ipo Wigwam Motel, vibanda 19 vya zege vyenye umbo la hema la ncha, vilivyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na Frank Redford, mtu wa Kentucky. Nimeshuka kwenye baiskeli nikagusa ukuta wa kimojawapo. Ni zege nene, limepakwa rangi nyeupe juu ya rangi nyeupe mara nyingi kiasi kwamba kingo zimekuwa mviringo, na kuta zinaegemea ndani tangu chini, hivyo mlango umechongwa kwenye mteremko. Inapendeza sana. Hata hivyo siwezi kuandika juu ya nyumba za wageni za barabara hii bila kutaja kwamba kwa miaka mingi nyingi kati yake, katika majimbo yote iliyopita, ziliwafungia milango wasafiri weusi, na kwamba kuanzia 1936 kulichapishwa New York mwongozo maalumu wa kuwaonyesha mahali watakapopokelewa. Uhuru wa barabara uliosifiwa na matangazo haukuwa wa kila dereva.

Fontana nimeipita jua likishuka. Bado lipo chungwa kubwa la kutengenezwa, la mwaka 1936, ambalo lilikuwa kibanda cha kuuzia maji ya machungwa kwa madereva wenye kiu. Vibanda vya umbo hilo vilikuwa vingi kando ya barabara wakati mashamba ya michungwa yalipokuwa yakiizunguka pande zote. Kiwanda cha chuma cha Kaiser kilifunguliwa hapa mwaka 1942 kwa mahitaji ya vita, na kikafungwa katika miaka ya 1980. Leo pande zote mbili ni maghala ya mizigo na malori.

Jumanne: Rancho Cucamonga na Upland

Siku fupi kwa umbali, ndefu kwa mambo ya kutazama. Katika kona ya Foothill na Archibald, Rancho Cucamonga, kinasimama kituo cha mafuta kilichojengwa 1915, miaka 11 kabla barabara haijapewa namba. Kilikarabatiwa na wapenzi wa barabara na kufunguliwa mwaka 2015 kama makumbusho ndogo. Ukubwa wake unafundisha: chumba kimoja na paa lililotokeza mbele ili kufunika gari moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa idadi ya magari ambayo mwenye kituo alitarajia kuyahudumia kwa wakati mmoja.

Mbele kidogo daraja la njia ya zamani ya reli linavuka juu ya barabara, likiwa limepambwa kwa ngao ya 66, alama ya namba ya barabara. Kwenye njia hiyo zilipita treni za umeme za Pacific Electric zilizounganisha miji hii na Los Angeles kabla ya magari kushika hatamu, na sasa ni njia ya waendao kwa miguu na baiskeli. Vitabu vingi vya barabara hii vinaanza habari na gari, kana kwamba kabla yake palikuwa pori. Ukweli ni kwamba vitongoji hivi vilipandwa na reli, na barabara ikavikuta vimekwisha kuota.

Upland nimekaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, mbele ya sanamu iliyoko kwenye makutano ya Foothill na Euclid Avenue. Ni mojawapo ya sanamu 12 zinazofanana, moja kwa kila jimbo lililopitiwa na njia za wahamiaji wa kale, zilizochongwa na August Leimbach na kugharimiwa na chama cha wanawake wa ukoo wa wapiganaji wa mapinduzi ya Marekani. Hii ya California ilizinduliwa tarehe 1 Februari 1929. Mwanamke aliyevaa kofia ya kitambaa anapiga hatua mbele. Mkono wa kushoto umembeba mtoto mchanga, wa kulia umeshika bunduki, na mtoto wa pili ameng'ang'ania sketi yake. Ukisogea karibu unaona kuwa viatu vyake ni buti nzito za kazi na kwamba mikunjo ya sketi imevutwa nyuma na upepo, kwa hiyo mchongaji alimkusudia awe katikati ya mwendo. Mwenyekiti wa chama cha National Old Trails Road wakati huo alikuwa Harry Truman, rais wa baadaye wa Marekani, aliyekuwa bado kiongozi wa kaunti huko Missouri. Hapakutajwa wakazi wa asili waliokuwa wakiishi katika bonde hili wakati wahamiaji walipofika, na ukimya huo unaonekana nikisoma maandishi ya chini ya sanamu.

Jumatano: Claremont hadi Azusa

Leo nimepita katika miji ambayo barabara yenyewe imebadilisha mmiliki, na hapa sina budi kueleza jinsi barabara kuu inavyofutwa, kwa sababu haifutwi kwa siku moja kama watu wanavyodhani.

Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria iliyogharimia mtandao mpya wa barabara za kasi, zisizo na taa wala makutano ya ngazi moja. Kusini mwa Foothill Boulevard, barabara ya kasi ya San Bernardino, ambayo leo ni namba 10, ilikamilika katika miaka hiyo hiyo ya 1950 na kuyachukua magari ya safari ndefu. Mwaka 1964 California ilipanga upya namba zake zote. Hadi wakati huo barabara moja iliweza kubeba namba mbili au tatu kwa pamoja, na nguzo zilikuwa zimejaa ngao. Jimbo likaamua kwamba kila barabara itakuwa na namba moja. Namba 66 ikakatwa, mwisho wake ukarudishwa kutoka Santa Monica hadi Pasadena. Katika miaka ya 1970 ikarudishwa tena, safari hii ikaondolewa kabisa katika vitongoji hivi. Chama cha maofisa wa barabara wa majimbo kilipoifuta namba hiyo nchi nzima mwezi Juni 1985, uamuzi huo ulikuwa habari ya kweli kwa Arizona, ambako mji wa Williams ulikuwa umekwepwa na barabara mpya mwaka uliotangulia tu. Kwa Claremont ilikuwa habari ya gazetini.

Lakini lami haikwenda popote. California ilikibakiza kipande cha Foothill Boulevard kati ya San Dimas na San Bernardino kama barabara ya jimbo, ikakipa namba ile ile 66 katika orodha yake yenyewe. Kisha ikaja hatua ya tatu, ambayo waandishi wengi huiruka: jimbo kukabidhi barabara kwa manispaa, mji baada ya mji. Barabara ikiwa mali ya jimbo, mji hauwezi kupanda mti kwenye ukanda wa katikati, kupunguza njia, wala kuongeza kivuko cha waendao kwa miguu bila idhini ya ofisi ya jimbo, inayotumia vipimo vilivyowekwa kwa ajili ya magari yanayopita tu. Ikishakuwa mali ya mji, mji unapanga utakavyo, ila gharama za kuziba mashimo na kulinda taa nazo zinahamia kwake moja kwa moja. Claremont ni miongoni mwa miji iliyokubali. Nimeona tofauti chini ya magurudumu: njia ya baiskeli pana, miti michanga katikati, na magari yanayokwenda polepole kwa sababu barabara yenyewe inayataka yaende polepole. Naamini huu ndio mwisho wa heshima kwa barabara kuu iliyozeeka katikati ya makazi ya watu, na naueleza kwa kirefu kwa kuwa hauna picha za kuvutia na hivyo hausimuliwi.

La Verne na San Dimas nimezipita haraka. Mwaka 2002 barabara ya kasi namba 210 ilirefushwa kutoka hapa hadi Fontana, na mwaka 2007 ikafika San Bernardino, ikiiacha Foothill imebanwa kati ya barabara mbili za kasi, moja kaskazini na nyingine kusini. Glendora ilichukua uamuzi wa kipekee: mtaa uliokuwa ukiitwa Alosta Avenue ukapewa jina rasmi la Route 66, hivyo kilichofutwa kama namba kikarudi kama anwani ya nyumba. Azusa nimesimama mbele ya bango refu la Foothill Drive-In, sinema ya kutazamia ndani ya gari iliyofunguliwa 1961 na kufungwa 2001. Uwanja wa sinema umeondolewa kupisha chuo kikuu jirani, ila bango limeachwa.

Alhamisi: Duarte, Monrovia na Arcadia

Asubuhi nimevuka mto San Gabriel, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kitanda kipana cha mawe ya mviringo. Kando ya daraja la magari lipo daraja la zege la matao la Pacific Electric, la 1907. Yote mawili yanaonekana kwa pamoja kutoka ukingoni, na la reli ndilo zuri zaidi.

Kilichonileta hasa ni Monrovia. Barabara ilipopewa namba mwaka 1926 ilipita Foothill Boulevard katikati ya makazi, mbele ya Aztec Hotel, iliyofunguliwa mwaka uliotangulia. Msanifu wake, Robert Stacy-Judd, alikuwa amesoma juu ya magofu ya Wamaya, akaifunika sehemu ya mbele kwa michoro ya kuchongwa inayopindana kama nyoka na kurudi ndani yake yenyewe, juu ya ukuta mweupe usio na pambo. Hoteli ilitegemea wasafiri wa barabara hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 barabara ikahamishiwa kusini, kwenye Huntington Drive, iliyokuwa pana na iliyonyooka, na hoteli ikabaki kwenye mtaa wa majirani. Nimetembea kutoka hotelini hadi Huntington Drive nikisukuma baiskeli. Ni mitaa michache tu. Kwa dereva aliyetoka Oklahoma akifuata vibao, umbali huo ulitosha asijue kwamba hoteli ipo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosimulia kwamba barabara za kasi ndizo zilizoiua 66 iliyokuwa imetulia mahali pake. Katika vitongoji hivi haikuwahi kutulia. Wahandisi waliihamisha kila walipopata njia pana zaidi, na kila ilipohamishwa iliacha nyuma mtu aliyekuwa ameweka fedha zake kando yake. Kilichofanywa na barabara za kasi baada ya vita ni kitu kile kile kwa kipimo kikubwa.

Arcadia nimefika uwanja wa mbio za farasi wa Santa Anita, uliofunguliwa siku ya Krismasi ya 1934. Mwaka 1942 uwanja huu uligeuzwa kambi ya kuwakusanyia Wamarekani wenye asili ya Japani walioondolewa makwao kwa amri ya serikali. Zaidi ya watu 18,000 walikaa hapa, baadhi yao katika mabanda ya farasi, kabla ya kupelekwa kambi za ndani ya nchi. Wengi wao walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa bonde hili hili, na barabara niliyoifuata tangu Jumatatu ilikuwa barabara yao ya sokoni. Kuna jiwe la kumbukumbu; nimelisoma lote.

Ijumaa: Pasadena na bonde la Arroyo Seco

Colorado Boulevard ndiyo inayopitiwa na maandamano ya maua ya kila Mwaka Mpya, yaliyoanza 1890, na kwa miaka mingi ilikuwa pia barabara kuu ya taifa. Magharibi mwa mji ipo kazi bora kuliko zote nilizoziona katika safari hii, daraja la Colorado Street, lililofunguliwa mwaka 1913. Lina urefu wa mita zipatazo 447 na linapita mita 45 hivi juu ya bonde, kwa matao ya zege ya ukubwa unaotofautiana. Halikunyooka. Chini ya bonde udongo haukuwa imara kila mahali, na mkandarasi, John Drake Mercereau, alilikunja daraja ili nguzo zipate mwamba wa kukanyaga. Ukiendesha juu yake unahisi mkunjo huo kwenye mabega, na kwa hatua kadhaa huoni mwisho wa daraja, unaona taa zake tu, za vishada vya mipira ya kioo, zikikata kona mbele yako.

Mkunjo huo uliokuwa werevu wa 1913 ulikuwa kero kwa magari ya miaka ya 1930. Tarehe 30 Desemba 1940 Gavana Culbert Olson alifungua Arroyo Seco Parkway, barabara ya kasi ya kwanza magharibi mwa Marekani, na namba 66 ikahamishiwa huko. Kwa hiyo Namba 66, inayokumbukwa kama mhanga wa barabara za kasi, katika vitongoji hivi ilipita juu ya barabara ya kasi kwa miaka 24. Daraja la zamani liliendelea kutumika kama daraja la mjini, likafungwa 1989 kwa hofu ya matetemeko ya ardhi baada ya lile lililopiga eneo la San Francisco, likaimarishwa na kufunguliwa tena 1993.

Baiskeli haziruhusiwi kwenye Parkway, nami nimeshuka kando yake kwa Figueroa Street, iliyokuwa njia ya 66 kabla yake. Mahali pamoja nimesimama kutazama jinsi magari yanavyoingia. Barabara ilisanifiwa kwa mwendo wa maili 45 kwa saa. Haina njia ya kuongezea mwendo: dereva anafika kwenye kibao cha kusimama, anasimama kabisa, anageuza shingo, kisha anajitosa kati ya magari yanayokuja kwa mwendo ambao wasanifu hawakuutazamia. Njia za kutokea nazo zinakunja ghafla, na baadhi zina vibao vya maili 5 kwa saa. Nimeona gari dogo likisubiri kwa muda mrefu, breki zikiwaka na kuzimika, hadi mwanya ukapatikana. Jimbo lilirudisha jina la Arroyo Seco Parkway mwaka 2010, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuiita Pasadena Freeway, na nadhani ni haki, kwa kuwa ilijengwa kama barabara ya bustani inayofuata kijito, na anayeiendesha kana kwamba ni barabara ya kisasa anajihatarisha.

Jumamosi: Los Angeles hadi Santa Monica

Mwisho wa kwanza wa barabara, wa mwaka 1926, ulikuwa makutano ya mtaa wa 7 na Broadway, katikati ya majumba ya sinema na maduka makubwa ya Los Angeles. Miaka kumi baadaye ikarefushwa hadi Santa Monica kwa kupitia Sunset Boulevard na Santa Monica Boulevard. Katika Beverly Hills bado kuna Santa Monica Boulevard mbili zinazokwenda sambamba, kubwa na ndogo, kwa sababu katikati yake palipita reli. West Hollywood nako mji ulikabidhiwa barabara na jimbo, ukaijenga upya kwa ajili ya watembea kwa miguu, ikawa kama Claremont, tofauti ni wingi wa watu. Wahandisi walikuwa wameandaa pia barabara ya kasi ya kupita Beverly Hills kufuata mstari huu. Wakazi waliipinga na katika miaka ya 1970 mpango ukafutwa. Ndiyo maana Santa Monica Boulevard ingali na kazi ngumu ya kubeba magari hadi leo.

Watalii hupiga picha kwenye gati ya Santa Monica, chini ya kibao cha mwisho wa njia kilichowekwa Novemba 2009. Barabara haikuwahi kufika hapo. Mwisho wake rasmi ulikuwa makutano ya Lincoln na Olympic, ndani zaidi ya mji, kwa sababu ya kiofisi tu: barabara kuu ya taifa ilitakiwa iishie kwenye barabara kuu nyingine, na ya pwani wakati huo ilipita Lincoln Boulevard. Nimefika hapo saa za alasiri. Njia ya kutokea ya barabara ya kasi namba 10 iko hatua chache kutoka kwenye makutano. Barabara hiyo ya kasi ilifunguliwa hadi Santa Monica mwezi Januari 1966. Namba 66 ilikuwa imeondolewa hapa tangu 1964, kabla mrithi wake hajamaliza kujengwa.